Kina Uso, Hakina Ubavu

Mashine ya nne, karibu na mlango wa choo,
kwa Twaha, Guraya, orofa ya pili juu ya duka la mikoba.
Shilingi hamsini kwa saa. Kibodi haina herufi M.
Hapo ndipo naendesha kifaru cha Kijerumani.

Kifaru kiitwacho Chui.
Mbaruku hucheka: mnyama ndani ya mnyama,
pembe ya huyu, madoa ya yule.
Kumbe si pembe wala madoa. Ni chuma,
tani arobaini na tano,
na mzinga mrefu kama mwiko wa biriani ya harusi.

Sifa zake kwanza.
Paji lake limelazwa, halikusimama wima:
risasi ikija huteleza, kama ombi la mdeni
juu ya uso wa Twaha asiyekopesha.
Mzinga una jicho. Mita mia nne,
mtu kajificha nyuma ya ghala lililobomoka,
utosi tu waonekana; namgonga utosi.
Lakini simmalizi. Hiyo nayo ni aibu yake:
huchoma sindano, hakikati panga.
Sharti umdunge tena,
na tena,
huku ukihesabu pumzi za mpakiaji.

Kasoro, basi.
Ni kipana, kichakani hakifichiki,
na ubavuni, ewe, ubavuni ni bati.
Juzi mtu nisiyemjua, jina lake tarakimu tupu,
alinizunguka na kigari chake cha mbio
kama paka wa Marikiti aliyenusa nguru.
Risasi mbili. Nikawaka.
"Kina uso, hakina ubavu," nikasema,
na Mbaruku akayaandika ukutani kwa kalamu nyekundu.
Twaha akamtoza shilingi ishirini za rangi.

Historia yake niliisoma usiku umeme ulipokatika,
simu imebakiza asilimia kumi na moja.
Wajerumani walikutana na kifaru cha Warusi
chenye paji lililolala, wakashtuka, wakaiga mlazo.
Julai, mwaka wa arobaini na tatu, wakavipeleka Kursk
havijaiva.
Vingine vikashika moto vyenyewe, adui hajaonekana.
Vingine vikavunjika gia za mwisho, zile za kusukuma minyororo,
vikakaa njiani.
Methali yake unaijua, siirudii.

Baba ni fundi wa gia, Shimanzi, malori ya bandarini.
Mchezo wangu hajawahi kuuliza habari zake,
husema tu, "Swafiya na vita vyake."
Nilipomtajia gia za mwisho aliweka spana chini.
"Meno yalikuwa ya namna gani?"
"Yamenyooka, baba. Hayakulazwa."
Akafuta grisi kidole kimoja kimoja.
"Wamelaza paji, wakasahau kulaza meno.
Tani arobaini na tano, ati!"
Akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba.

Kisha: "Na mle ndani, walikuwa wangapi?"

Watano.
Kwangu mimi ni picha tano ndogo chini ya kioo.
Mtu akiumia picha yake huwa nyekundu;
nabonyeza sanduku la dawa, anarudi.
Dereva wangu nimemfufua
mara nyingi kuliko nilivyobadilisha kanga.
Hilo sikumwambia baba.
Wala sikumwambia wale watano
walikuwa wametumwa kwenda kumuua nani,
na vijiji vya nani vilikuwa mbele ya mzinga ule.
Nilisema tu, "Watano," nikamshikia taa
arudi chini ya lori.

Ijumaa, baada ya swala, nikasikia ngazi zikilia kwa Twaha.
Baba. Kanzu nyeupe, kucha nyeusi.
Alisimama nyuma ya kiti changu, hakuketi,
akausoma ukuta, maneno mekundu, akaguna.
Mimi nimekiegemeza Chui kwenye pembe ya ukuta,
uso nje, ubavu ndani, kama inavyopasa.

"Iko wapi gia?"
"Haionekani, baba. Hawakuitia mchezoni."
Akanyamaza kidogo.
Mtaani mtu alikuwa akipigia honi mkokoteni.

"Basi," akasema, "endesha taratibu."