Mataruma ya Namasagali

Ukifika Namasagali usiulize stesheni iko wapi.
Uliza bweni la wavulana.
Pale wanapoanika soksi, juu ya ukingo wa zege,
ndipo pamba ya Lango ilipopakiwa,
robota juu ya robota,
mpaka makuli wakaota mvi za saa moja.

Babu yangu Isabirye alikuwa mtu wa pointi.
Mkono mmoja wenzo, mkono mmoja chemli.
Nyumbani Kisoga, kanisani Kiganda,
lakini relini palikuwa na Mjaluo wa makaa,
Mnubi wa breki,
na Pereira, Mgoa wa tikiti, aliyehesabu senti kwa kunong'ona.
Walikutana kwenye Kiswahili,
kila mmoja na kipande chake,
ngeli zimekaa upande,
na treni ikapita.

Mwaka ule Kyoga lilipanda, likakataa kushuka.
Mafunjo yaling'oka na udongo wake
yakaja kutia nanga getini.
Kambare alionekana chini ya behewa la daraja la kwanza,
bila tikiti.
Pereira akapanda mezani na leja zake.
Wakubwa wakaandika: tunaitazama hali.
Waliitazama.
Hali nayo ikawatazama.

Halafu wakaja watu wa spana.
Waling'oa kuanzia mwisho, wakirudi Mbulamuti,
kama mtu anayefumua sweta kuukuu
kwa kuwa uzi bado mzima.
Babu aliwasimamia njia nzima.
Gari la mwisho la vyuma lilipoondoka
akainua bendera ya kijani.
Hakuna aliyemwamuru.

Bibi Naigaga hakuwa na muda wa bendera.
Alitoa kuku wawili, akapewa taruma moja la chuma,
akalilaza juu ya mfereji wetu.
Hadi leo mgeni hafiki kwetu
ila kwa kupita relini, hatua tatu.

Babu hakuacha saa. Treni ya saa kumi na mbili na robo
aliisikia kwenye mvua, kwenye kinu, kwenye kikohozi chake.
Sisi hatukuisikia.
Lakini mama, ambaye Kiswahili chake chote
kinaenea kwenye kiganja,
asubuhi tukichelewa shule
husimama mlangoni na kupiga kelele:
Gadi kashapuliza!

Nasi tunaacha uji, tunashika madaftari,
tunavuka lile taruma mbio,
mdogo wetu Kagoya nyuma kabisa,
akilia asiachwe.