Kilo Arobaini na Mbili

Juni, sakitu imemwagika kama chumvi kwenye mashina ya viazi,
Mwalimu Ngailo akaingia jikoni kwangu, hapa Tandala,
na mizani ya gulioni,
akazikamata kuni zangu.
Watoto wakapima: kilo arobaini na mbili
kwa sufuria moja ya maharage.
"Na majivu?" Kilo moja, haikutimia.
"Nyingine zote zimekwenda wapi?"
Kimya. Kisha Luvanda, yule anayeshika mkia,
akanyoosha kidole juu:
kwenye masizi, kwenye tundu la bati,
mbinguni.

Sasa maharage yanalala majini usiku kucha.
Alfajiri yakichemka kidogo nayatia kapu la mianzi,
nayaviringisha blanketi kuukuu kama mwana mchanga;
yanaiva yenyewe, hayachochewi.
Kilo kumi na tatu! Wameandika ubaoni kwa chaki nyekundu.

Lakini kabla ya kengele
wananijia vilevile, viganja mbele,
wakiutafuta moto niliofundishwa kuupunguza.
Nawapa kapu walikumbatie kwa zamu.
Mwalimu, na hili
tulipime kwa mizani ipi?