Fundi wa Saa na Nyenje wa Bure

Kazi yangu ni vitu vidogo.
Pale Luthuli, lenzi jichoni,
naona vumbi lililokaba gurudumu la saa
kabla mwenye saa hajamaliza kunieleza.

Hili sikuliona.

Mwongeli alipokwenda chuo Eldoret
aliniachia Zafarani ndani ya sanduku la kioo:
mjusi wa manjano, madoa meusi,
mkia mnene kama kidole gumba.
"Baba, nyenje umnunulie kwa Otiato, Ngara.
Usiokote."
Otiato huuza kumi kwa shilingi mia.
Nami nilikuwa na taa ya barabarani nje ya dirisha, Kariokor,
na chini yake, mvua ikishanyesha,
nyenje wa Mungu wakirukaruka juu ya mtaro
bila bei.

Nikaokota. Miezi miwili nikajiona mjanja.
Waliobaki sikuwatoa, nilidhani ni akiba.
Usiku walikula kinyesi chake pembeni,
alfajiri akawala wao,
gurudumu likizungusha gurudumu,
na mimi, fundi, nimelala.

Mkia ndio ulioanza kusema.
Ukanywea. Ukawa kamba ya kiatu.
Nikampima kwa mizani ya jikoni: gramu hamsini na nane,
hamsini,
arobaini na moja.

Kabete, Daktari Chepng'eno alipaka choo kwenye kigae cha kioo,
akanipisha kwenye hadubini.
Nikainama kwa mazoea, jicho moja nimelifumba.
Mayai. Ganda safi, kama yametoka kiwandani,
na ndani ya kila moja kitu kimejikunja kama kamani
kinachongoja kufunguka.
"Minyoo," akasema. "Ulimlisha nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Cha Zafarani kilikuwa kiganjani mwangu.

Sasa nampa dawa tone kwa tone, naye ananiuma.
Sanduku nimeliosha kwa maji yanayochemka.
Nyenje nafuga mwenyewe, kwenye ndoo, juu ya trei za mayai,
wanakula karoti na mashina ya sukuma,
na usiku wanalia hadi Mama Akoth wa chini
anagonga dari lake kwa ufagio.
Leo mizani imesema arobaini na nne.
Mwongeli akipiga simu namwambia, "Anakula."
Mengine bado sijamwambia.

Na huko juu, karibu na balbu,
mjusi kafiri, asiye na jina wala sanduku,
ananyakua chochote kitokacho mtaroni.
Namtazama mkia.
Sina mizani ya kumfikia.