Sauti ya Kumudini

Nilikuwa sauti yake, Tandika, nyuma ya soko,
miaka kumi na tisa, na hatukuwahi kuonana.
Kibanda cha Mzee Likwelile: mabenchi ya mbao za sanduku,
magunia dirishani ili jua lisichungulie bure,
televisheni yenye mstari wa kijani,
na mimi pembeni, kipaza sauti kimezungushwa plasta,
nikisema kwa Kiswahili alichosema yeye kwa Kihindi.
Kihindi chenyewe nilikijua cha kubebea majora Kisutu:
njoo, leta, bei gani, mjinga wewe.
Vingine vyote nilivitoa mfukoni mwangu.

Alikuja kwetu ana miaka kumi na saba,
amelowa mvua ya kukodi,
anakimbia nyuma ya mti asikamatwe, akiomba akamatwe.
Nikampa sauti ya dada yangu Mwanaidi
siku alipochumbiwa na fundi saa wa Keko.
Vijana walipiga miluzi. Mmoja alirusha ndala.

Halafu akaolewa, humo ndani na huko nje.
Tulisoma kwenye gazeti lililofungia bagia:
mume mwenye viwanda, mume asiyetaka aigize.
Miaka minne, kimya.
Tukarudia mikanda ile ile hadi ikachubuka,
uso wake ukanyeshewa mvua nyingine, ya chengachenga.

Aliporudi hawakumpa tena mti wa kukimbilia.
Walimpa sari nyeupe na mtoto mwenye ndevu.
Ndiye yule yule aliyemfukuza kwenye mvua!
Leo anamwita mama, na nywele zake mwanamume
bado nyeusi tii.
Mabenchi yalicheka. Mimi nilibadili sauti,
nikachukua ya mama yangu,
aliyekaanga maandazi saa kumi alfajiri
akizungumza na moto.

Kuna pale stesheni.
Treni imeondoka na mwanawe, jukwaa tupu,
kamera inamsogelea mpaka kope zinahesabika.
Midomo inacheza, sauti haitoki, zeze tu.
Kibanda kizima kikanigeukia.
Nami sina neno, na watu wamelipa.
Nikasema:
«Mwanangu, mlango nauacha bila komeo.
Ukija usiku usibishe hodi. Sukuma tu.»

Bi. Mwajabu, muuza samaki,
ambaye Hamdani wake alizamia meli
na hajaandika hata mstari,
alitoka nje akasimama kwenye tope.
Alhamisi ikirudi naye karudi, kalipa, kakaa mbele,
akitaka pale stesheni tu.

Siku hizi Kumudini ni bibi wa tamthilia ya saa mbili,
funguo kiunoni, anatesa wakwe.
Sauti yake kapewa binti wa studio, hakosei neno.
Namsikiliza. Sina la kusema.

Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu
akihojiwa, nywele kaziacha zilivyo, miwani puani.
Nikaipeleka simu Kisutu kwa Mama Jasumati,
kwa mara ya kwanza na mimi nifasiriwe.
Wamemuuliza habari ya stesheni.
Kacheka hadi kakohoa.
«Nilikuwa nahesabu,» kasema. «Mwelekezi aliniambia,
ukifika ishirini geuza shingo kulia.
Na kiatu kilikuwa kinanibana.»

Ishirini.
Mama Jasumati aliuliza kama nataka maji.

Ijumaa nilipita kwa Bi. Mwajabu.
Mlango wake umeegeshwa kwa tofali;
pale penye komeo pana matundu mawili ya misumari,
yamezeeka, yameota kutu.
Alinikaribisha, akasogeza kigoda, akaniuliza,
kama mtu anayeulizia jirani aliyehamia Mbagala:
«Yule mama wa stesheni, mwanawe alirudi?»

Nilifumbua mdomo.
Macho yake yamenikazia, kama zamani.

Moja.
Mbili.