Stempu Isiyosafiri

Shangazi Mahfudha hajui kucheza sataranji.
Anajua kuitazama tu,
tangu utotoni Wete, nyuma ya pazia la ukumbi,
wanaume wameinamia ubao kama watafutao sindano,
naye kashika sinia la kahawa
asijue aingie au angoje mtu afe.
"Shaha kafa!" wakisema, ndipo vikombe huingia.

Kwa hiyo albamu zake tatu, hapa Ruwi,
ghorofa ya pili juu ya fundi wa kanzu,
hazina maua, hazina meli, hazina wafalme wa kweli.
Zina farasi wa Hungaria, shingo kama mdomo wa birika.
Zina ngome ya Kuba, askari wa Mongolia
na kofia zao za manyoya,
na kete moja ambayo Wazungu wameivika joho la askofu.
Pembeni kaandika kwa penseli:
*ndovu huyu, msidanganyike.*

Ukurasa anaoupenda ni wa falme ndogo za jirani,
stempu zilizochapwa ng'ambo kwa marobota
kabla mchanga wao haujaijua lami.
Shaha wa dhahabu, waziri wa zambarau,
muhuri mweusi umeshapigwa kwenye pembe, safi,
na nyuma gundi ingali nzima, inang'aa,
haijaonja ulimi.

Bwana Purshottam alikuja kutoka Matrah na lenzi yake.
Akapekua. Akakohoa kwa adabu.
"Mama, hizi ni mapambo ya ukutani.
Zimegongwa muhuri kiwandani.
Hazijabeba hata salamu."
Akanywa kahawa, akala halua,
akaondoka na farasi wawili wa Hungaria
kwa riali kumi na mbili.

Shangazi hakununa. Alicheka hadi miwani ikadondoka.
"Basi mimi na hizi ni ndugu.
Mwaka sabini na mbili nilishuka hapa na pasipoti mpya,
jina la nchi juu, muhuri chini, kila kitu sawasawa,
nami sijui kuomba maji kwa Kiarabu.
Huku dukani naitwa Zinjibari.
Kule nilikotoka niliitwa Mmanga.
Makaratasi yangu yalifika zamani.
Mimi ndiye niliyechelewa."

Jumapili akaniamuru nimpeleke posta.
Agosti, usukani unaunguza kama kikaango.
Ndani ya bahasha kuna nini, sikuambiwa.
Juu yake jina lake mwenyewe,
sanduku lake mwenyewe,
hatua thelathini kutoka kaunta.
Akamlamba shaha wa dhahabu. Akakunja uso:
"Miaka hamsini! Shubiri tupu."

Kijana wa kaunta, Yakdhani, aliigeuza bahasha mara mbili.
"Bibi, hii nchi yake haina tena posta."
"Najua."
"Na si ya hapa."
"Najua, mwanangu. Ongeza na ya hapa, nitalipa."

Akabandika. Ya hapa ilikuwa na choroa mweupe,
pembe zimenyooka kama mishale ya saa.
Choroa na shaha, bega kwa bega.
Kanuni yasemaje juu ya jambo hili, mimi sijui;
nadhani naye hakujua,
au alijua.
Akainua muhuri wa chuma.
Pa, juu ya choroa.
Akasita. Nyuma yetu mtu anajipepea kwa risiti ya umeme.
Pa.

"Shaha kafa," shangazi akanong'ona,
akageuka, mikono mbele,
kama aliyeacha sinia mahali.

Leo siku ya nne, sanduku bado halina kitu.
Hatua thelathini!
Nikilalamika hunijibu kwamba hata askari
huenda nyumba moja moja.
Lakini alfajiri namsikia akipanga vikombe,
na kabla sijavaa viatu
ananiuliza kama ufunguo ninao.