Mkono Mmoja

Baba hajawahi kulisikia jina lake, Adérito.
Miaka thelathini na mmoja alifuma sufu kiwandani Covilhã,
mitambo ikiwaua wenzake masikio kidogo kidogo,
yeye akitabasamu
kama mtu aliyetoka na mwavuli siku ya mvua.

Mimi ndiye niliyekuwa simu ya nyumba.
Nina miaka sita, napanda kigoda,
nakamata mkonga mzito kuliko kichwa cha mwanasesere wangu,
namwambia mtu wa benki, kwa sauti ya kuombea peremende:
Baba anauliza, deni limebaki kiasi gani?
Kisha nageuka, nalitia deni vidoleni,
na kwa kuwa nampenda, naangusha sifuri moja.

Sijapata kumwambia mtu.

Siku hizi nasoma Coimbra. Profesa anataka kurasa tano:
Je, vyombo vipya vimetuleta karibu au vimetutenga?
Gaspar, anayekaa mbele yangu, alisimama akasema
tazameni kantini, kila mtu kainamia kiganja chake,
tumekuwa taifa la viziwi.
Darasa likapiga makofi.
Nikacheka peke yangu. Gaspar, ungekaa mezani kwetu
Jumapili moja, sahani zikihamishwa kupisha maneno,
wajomba wakikatizana kwa viwiko,
mama akiipiga meza ngumi ili mbao zimfikishie baba mtetemo:
nitazame, sijamaliza!
Kelele ile, Gaspar, ungeiitaje?

Mama ndiye aliyekuwa akimshikia simu.
Tulipoanza kuonana kwa video yeye alikuwa nguzo,
baba akawa na mikono yote miwili, na baba ni msemaji,
anasema hadi mama anachoka, picha inateremka taratibu,
nabaki nikizungumza na vifungo vya sweta.

Tangu Machi anajishikia mwenyewe.
Kushoto simu, kulia maneno.
Lakini lugha yetu ni ya mikono miwili:
nyumba ni paa lenye pande mbili,
naye ananijengea upande mmoja, mvua inaingia.
Mtandao ukichechemea vidole vinageuka matofali,
na kuna usiku mkono wake uliganda hewani
katikati ya neno ambalo lingeweza kuwa chumvi
au upweke. Kwetu ishara hizo ni majirani.
Kesho yake alisema ilikuwa chumvi.

Nikamtumia kishikio cha plastiki, euro nne na gharama ya posta.
Anakitumia kuegemezea picha ya mama.

Tena sasa benki inamwandikia mwenyewe, kiganjani.
Daktari pia. Hata fundi bomba,
ambaye maandishi yake hayasomeki na mtu mwenye akili timamu,
wanaelewana.
Nilidhani siku ya kuachishwa kazi hii nitaruka kwa furaha.
Nilikaa kwenye ngazi za bweni, furaha mkononi,
sijui niiweke wapi.

Jana nikakiri. Ile sifuri, baba. Nilikuwa na miaka sita.
Akanitazama hadi nikadhani mtandao umekatika.
Kisha, polepole, kwa mkono wake mmoja:
Mimi kiziwi, si kipofu.
Barua ya benki ilikuja wiki ile ile.
Nililipa. Wewe ulilala vizuri.

Halafu akakutanisha kidole cha shahada na gumba,
akafanya duara, maana sifuri haidai mkono wa pili,
akalisogeza, akalisogeza
hadi likajaza kioo changu chote,
na ndani yake jicho lake likinichungulia.

Profesa, nimeandika ukurasa mmoja na nusu.
Naomba niongezewe siku.