Saa Moja na Saa Moja

Saa moja asubuhi, saa moja jioni:
siku yangu ina milango miwili tu
na kila mlango una sindano.

Daktari Marassi aliniandikia kwa herufi kubwa
kana kwamba Trieste nzima ni mimi tu niliye kipofu:
"Bibi Nives, yuniti mbili, usizidishe.
Ale kwanza. Asipokula, usichome, nipigie."
Mimi wa kufundishwa sindano?
Miaka kumi na mmoja nilimchoma Livio tumboni
huku akisoma gazeti, akiisuta timu yake,
nami nimeshachomoa, nimeshatupa pamba,
ndipo anauliza, "Bado?"
"Tayari zamani."

Wewe hukulalamika. Wewe ulikunywa maji.
Ulimaliza bakuli, ukaingia ndoo ya kupigia deki,
ukanywa hata maji ya maua niliyoyaloweka
yangoje Jumapili ya makaburini.
Mchanga wako ukawa saruji.
Kisha miguu ya nyuma ikalegea,
ukawa unakanyagia visigino
kama mtu aliyeazima viatu vya jirani.

Nilikuita Sardoni, dagaa wetu wa hapa,
kwa kuwa uliingia nyumba hii unanuka soko.
Leo hata kichwa cha dagaa umekatazwa.
Unanitazama nikila.
Nakula nimekupa mgongo.

Chupa inakaa kwenye mlango wa friji,
kati ya haradali na mayai, palepale ilipokaa yake.
Siitikisi. Naizungusha viganjani
taratibu, kama anayepasha mikono.
Unakula; nainua ngozi ya bega,
hema dogo la manyoya,
ncha inapita mlangoni pa hema, basi.
Hugeuki hata kuangalia.

Ila usiku ule wa Bora.
Upepo wetu ndivyo unavyoitwa, Bora,
nao hung'oa vigae na kuangusha pikipiki:
jina halina mwenyewe.
Ulikula, nikakuchoma, ukatapika vyote.
Saa sita ukayumba, ukagonga mguu wa meza,
macho mapana kama vifungo vya koti la msiba.
Tone la damu ukingoni mwa sikio.
Kipimo kikasoma arobaini na moja.
Nikavunja mfuniko wa asali, ile ya bei, ya wageni,
nikakupaka ufizini kwa kidole,
nikakupaka tena,
nikakuambia maneno ambayo sikumwambia Livio
kwa sababu Livio angejibu.
Madirisha yakipiga kelele. Hamsini na tano.
Asali kwenye nywele zangu, kwenye simu, kwenye kitasa.
Themanini.
Ulinilamba kidole, kisha ukaking'ata,
na sijapata kushukuru jino namna ile.

Mwezi wa tatu, yuniti moja. Kisha nusu.
Kisha siku tisa bila kitu.
"Kongosho limeamka," akasema daktari.
"Kwa paka hutokea. Laweza kulala tena,
endelea kupima. Ila sindano, pumzika."
La Livio halikuamka.
Sikuuliza kwa nini. Nililipa, nikapanda basi,
na kikapu mapajani kikanikwaruza.

Saa moja jioni.
Nimesimama mbele ya friji, mlango wazi,
baridi inanimwagikia miguuni,
vidole vitatu vimeshika hewa.
Nawe umekuja, kwa nyayo na si kwa visigino,
umekaa kwenye zulia la jikoni pale pako,
umenipa bega.
Unangoja.

Basi nainua ngozi. Hema lile.
Nalishika kidogo, mpaka unakoroma,
nalishusha.

"Tayari zamani," nakuambia,
nawe unakwenda kuona bakuli lina nini.